Tumbaku na Haki ya Mtoto Aliye Tumboni

Katika mwezi wa Ramadhani, ukipita barazani jioni kabla ya adhana ya Magharibi, utawaona wanaume wameketi na tende mbele yao, na kando ya tende pakiti ya sigara na kiberiti. Sisi tumewaona wengi. Adhana ikilia, hufungua kwa tende moja na funda la maji, kisha moshi. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo pengine yuko mke mwenye mimba ya miezi sita ambaye siku ile hakufunga, kwa kuwa mkunga amemwambia kwamba damu yake ni pungufu na mtoto hakui sawasawa. Mume amekubali kwa moyo mweupe mkewe ale mchana. Tena amemnunulia maziwa na maini. Kisha huingia chumbani kumjulia hali, na sigara mkononi.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na watu wengi wa pwani yetu, wameieleza hukumu ya mwenye mimba kinaganaga. Akihofia nafsi yake, hula, na baadaye hulipa siku zile. Akihofia mtoto peke yake, pia hula na kulipa, na juu ya hayo hutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku moja. Saumu ni nguzo katika nguzo za Uislamu, nayo imeakhirishwa kwa ajili ya kiumbe ambaye hajapewa hata jina. Katika mirathi ni vivyo hivyo. Mtu akifa akamwacha mkewe mja mzito, fungu la aliye tumboni huwekwa kando mpaka azaliwe, wala ndugu zake wakubwa hawana ruhusa ya kuligusa. Sheria, basi, haikungoja azaliwe ndipo impe haki. Nasi twauliza: ikiwa saumu imempisha mtoto huyu, kwa nini sigara isimpishe?

Zamani hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini kwamba tumbaku humfikia mtoto tumboni. Wanawake wa Ulaya na Marekani walianza kuvuta sigara kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hawakuanza kwa hiari yao tu. Siku ya Pasaka ya mwaka 1929, mjini New York, walitembezwa mabibi barabarani wakivuta sigara mbele ya wapiga picha, ikatangazwa kwamba moshi ule ni alama ya uhuru wao. Kumbe jambo lile lilipangwa na Edward Bernays, mtu aliyelipwa na kampuni ya American Tobacco kuwatafutia wanunuzi wapya. Miaka ikapita, na vizazi vikazaliwa katika moshi, kabla madaktari hawajaketi kuhesabu.

Mwaka 1957 daktari Winea J. Simpson wa California alitoa taarifa juu ya wazazi zaidi ya 7,000 wa wilaya ya San Bernardino. Ilionekana kwamba waliovuta sigara walizaa watoto njiti kiasi cha mara mbili kuliko wasiovuta, na kadiri sigara za kila siku zilivyozidi ndivyo hatari ilivyozidi. Wengi hawakukubali. Walisema labda ni umaskini, labda ni chakula, labda wanawake wavutao ni watu wa tabia nyingine. Shaka hizo hazikuwa za kipumbavu, na ilibidi zijibiwe kwa hesabu kubwa zaidi.

Hesabu hiyo ilipatikana Uingereza. Mwezi wa Machi 1958 ziliandikwa habari za watoto wote waliozaliwa katika juma moja nchini England, Scotland na Wales, wapatao 17,000: uzito wao, umri wa mama, kazi ya baba, na kama mama alivuta. Mwaka 1972 Neville Butler na wenzake walichapisha waliyoyaona baada ya kuzitenga zile sababu nyingine. Mama aliyeendelea kuvuta baada ya mwezi wa nne wa mimba alizaa mtoto aliyepungua kwa wastani gramu 170, yaani wakia sita. Na watoto waliofia tumboni katika miezi ya mwisho, au katika siku za mwanzo za uhai wao, walizidi kwa asilimia 28. Lakini lilikuwako jambo jingine katika hesabu ile, nalo ndilo tunalotaka kila msomaji alishike: wale walioacha kabla ya mwezi wa nne kupita walizaa watoto walio karibu sawa na wa wasiovuta kabisa. Mlango, basi, ulikuwa haujafungwa.

Mtu aweza kudharau gramu 170. Na kweli, mtoto ambaye angezaliwa na kilo tatu na nusu hatazihisi sana. Lakini huo ni wastani tu, na wako waliopungukiwa zaidi. Tena mtoto ambaye kwa sababu ya malaria au upungufu wa damu wa mama yake alikuwa tayari ni mdogo, akipunguziwa kiasi hicho huangukia chini ya gramu 2,500, ambazo ni kama ratili tano na nusu; na chini ya hapo ndipo madaktari waanzapo kuogopa. Mtoto wa namna hiyo hushikwa na baridi upesi, hunyonya kwa taabu, na maradhi madogo humshinda. Nchini kwetu malaria na upungufu wa damu vipo bila ya kualikwa. Hatuna haja ya kuviongezea msaidizi.

Mwaka 1971 mkuu wa kampuni moja kubwa ya sigara ya Marekani aliulizwa katika televisheni juu ya udogo wa watoto hao, akajibu kwamba wako wanawake ambao wangependelea kuzaa watoto wadogo. Yeye alikuwa akilinda biashara yake. Lakini maneno kama hayo tumeyasikia hata huku kwetu, kwa watu wasiouza sigara: kwamba mtoto mdogo hutoka kwa wepesi. Mtoto aliyenyimwa hewa tumboni si sawa na mtoto aliyeumbwa mdogo akiwa mzima, na wakunga wanaijua tofauti hiyo mara wanapomshika mikononi.

Yafaa tueleze jinsi anavyonyimwa. Moshi wa tumbaku unayo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ndiyo ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la makaa chumbani huku madirisha yamefungwa. Damu yetu imeumbwa ibebe oksijeni. Lakini hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa mahali pasipo pake kama mgeni asiyetaka kuondoka. Kutoka damu ya mama huingia katika damu ya mtoto, na huko hukusanyika hata ikazidi iliyo kwa mama mwenyewe. Nayo nikotini hupita katika kondo la nyuma vile vile, na huibana mishipa ipelekayo damu kwenye tumbo la uzazi. Hivyo riziki ya mtoto hupunguzwa mara mbili: njia ya damu imekuwa nyembamba, na damu yenyewe imebeba kidogo. Kondo la nyuma nalo laweza kubanduka kabla ya wakati wake, damu ikamwagika, mama na mtoto wakawa hatarini kwa saa moja.

Hapa msomaji atasema: Haya ni ya Wazungu, wanawake wetu hawavuti sigara. Kwa kiasi fulani amesema kweli. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2014, wanawake wazima waliokuwa wakivuta hawakutimia hata mmoja katika mia. Walikuwa asilimia 0.8. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba wanawake asilimia 3.8 walitumia tumbaku isiyo na moshi, ya kutafuna au kunusa, na kwamba wanaume waliovuta walikuwa asilimia 15.1. Maana yake ni kwamba kwa kila mwanamke mmoja avutaye wako zaidi ya wanne wenye tumbaku kinywani au puani, na wake wengi zaidi wanaoishi na moshi wa waume zao. Tukiwa twalaumu sigara ya mwanamke peke yake, tumefunga dirisha na kuacha milango miwili wazi.

Mlango wa kwanza ni tambuu. Hatutaki kuivunjia heshima sahani ya tambuu, maana imewapokea wageni wa pwani tangu zamani, na hakuna harusi ya wazee wetu iliyokamilika bila ya hiyo. Jani la tambuu, popoo, chokaa, katu, na kipande cha tumbaku: mchanganyiko huo ndio ulioitwa uraibu, na kijaluba chake kilikaa kiunoni au chini ya mto. Siku hizi vijana hulitumia neno uraibu kwa kila kitu kinachomtawala mtu asiweze kukiacha, na sidhani kama wajua wamelitoa wapi. Wazee walijua kwamba anayekizoea kijaluba, kijaluba humzoea.

Mimba ikiwa changa na moyo ukichafuka, bibi au somo humpa mwari tambuu atafune ili kichefuchefu kitulie. Humpa kwa mapenzi. Tumbaku iliyomo humwingia kwa ufizi, na nikotini yake humfikia mtoto bila ya moshi wowote. Mjini Mumbai, Bara Hindi, ambako ndugu zetu hutafuna tambuu kama sisi na wanawake wengi husugulia meno unga wa tumbaku iliyochomwa, madaktari waliwafuata wanawake 1,217 wenye mimba. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilieleza kwamba watoto wa waliotumia tumbaku ya namna hiyo walipungua kwa wastani gramu 105, na walizaliwa mapema kwa siku sita hivi. Hapakuwa na sigara hapo. Na popoo yenyewe, hata ikitafunwa bila ya tumbaku, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wachunguzao saratani waliitangaza mwaka 2004 kuwa ni kitu kiletacho saratani. Lakini hilo lina mlango wake.

Shisha tutaisema kwa ufupi, kwa kuwa ubaya wake watu wameanza kuujua. Wazee wetu walikuwa na kiko cha maji: bori la udongo la kutilia tumbaku, digali la kuteremshia moshi, kiko chenyewe chenye maji, na shilamu ya kuvutia, na mlio wa maji wakauita malio. Shisha ni kiko hicho hicho kilichorudi kwetu na harufu ya matofaa na mnanaa, na kwa ajili ya harufu hiyo wako mabinti wasiothubutu kushika sigara ambao huivuta kwenye sherehe na kuona si neno. Maji hayaiondoi ile kaboni monoksidi, na makaa yaliyowekwa juu huongeza nyingine. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha chaweza kumwingizia mtu moshi mwingi kama wa sigara 100. Rwanda na Kenya zilitoa amri za kuipiga marufuku mwezi wa Desemba 2017, na huko Kenya jambo hilo likapelekwa mahakamani. Binti mwenye mimba asingoje hukumu ya mahakama.

Mlango wa pili ni mume, na hapa twataka kusema naye bila ya kuzunguka. Bwana, sigara yako huivuti peke yako. Sehemu ya moshi huingia kifuani mwako, na sehemu nyingine hutoka kwenye ncha iwakayo na kujaa chumbani, na mkeo huivuta apende asipende. Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza walizikusanya chunguzi za nchi mbalimbali juu ya wanawake wasiovuta waliokaa na moshi wa wengine wakati wa mimba. Hatari ya mtoto kuzaliwa maiti ilionekana kuzidi kwa asilimia 23. Wanawake hao hawakuwasha hata kiberiti. Masheikh wamekhitalifiana tangu tumbaku ilipofika katika nchi za Waislamu. Wako waliosema ni haramu, wako waliosema ni makuruhu, na wako waliokuwa wapole zaidi. Lakini hata mpole wao hakusema kwamba yajuzu mtu kumdhuru mwenziwe kwa starehe yake, sembuse mwanawe.

Mke hawezi kwa urahisi kumwambia mumewe atoke nje na sigara yake. Amelelewa kumstahi, nyumba ni yake mume, na pengine kodi na chakula ni vyake pia. Wengine hufungua dirisha kimya kimya. Tumejua mmoja aliyekuwa akihamia chumba cha mama mkwe kila usiku kwa kisingizio cha joto, mpaka mama mkwe akafahamu na kumwita mwanawe. Yule mama alifanya kazi ambayo mkwewe asingeiweza. Mama wakwe husemwa vibaya mara nyingi katika kurasa kama hizi, basi na hili liandikwe upande wao.

Yuko pia mwanamke avutaye kwa siri, na hatuna budi kumtaja ingawa wako watakaochukizwa. Kwa mwanamume sigara ni mazoea tu, lakini kwa mwanamke ni fedheha, naye huvutia chooni usiku na kutafuna karafuu baadaye. Akienda kliniki ya waja wazito na kupimwa damu na mkojo, hatamwambia mkunga neno, kwa kuchelea habari isitoke ikafika kwa shangazi yake. Hivyo yule anayehitaji msaada kuliko wote ndiye asiyeupata. Mwaka 2013 Shirika la Afya Ulimwenguni liliagiza kwamba kila mwenye mimba aulizwe juu ya matumizi ya tumbaku, ya namna yoyote, na juu ya moshi wa watu wengine nyumbani. Tena aulizwe tangu siku ya kwanza na kila anaporudi. Kwa tuliyoyaona, swali hilo huku kwetu huulizwa kwa nadra. Wakunga wasomao gazeti hili wanaweza kuanza kesho, kwa upole na faraghani, na wasiache kumwuliza habari za tambuu na ugoro. Wala wasimwulize mbele ya wifi yake.

Mwenye kutaka kuacha ajue mambo machache. Kupunguza ni bora kuliko kuzidisha, lakini mtu apunguzaye aghalabu huvuta pumzi ndefu zaidi kwa kila sigara iliyobaki, na akawa amejidanganya. Kaboni monoksidi hutoka katika damu kwa siku moja au mbili tangu kuacha, kwa hiyo hata katika mwezi wa nane mtoto hupata nafuu ya hewa ndani ya siku mbili. Nikotini husumbua zaidi katika siku za mwanzo: hasira, kukosa usingizi, tamaa ya ghafula inayokuja na kupita. Asinunue dawa mwenyewe dukani, bali amwulize daktari ipi yamfaa mwenye mimba. Na mumewe asiwe akivuta mbele yake huku akimhimiza aache. Mume mwenyewe huiacha sigara kila siku ya Ramadhani, tangu alfajiri mpaka jua lizame, zaidi ya saa kumi na tatu, wala hafi. Amekwisha kuijua nusu ya njia.

Bibi mmoja wa ukoo wetu huko Tanga alikuwa hatengani na kijaluba chake. Mjukuu wake alikuja kumwamkia, mimba ikiwa ya miezi mitatu, rangi imempotea kwa kutapika.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapa nikutengenezee tambuu, moyo utulie.”

“Tumbaku usitie, bibi. Wamenikataza kliniki.”

Bibi akacheka. “Wamekukataza! Mimi nimezaa saba na tumbaku kinywani.”

Kisha akanyamaza, mkono juu ya kijaluba. Sisi tuliokuwapo tuliijua hesabu aliyokuwa akiifanya, kwa kuwa makaburi yako nyuma ya msikiti na huyazuru kila Ijumaa. Waliokua walikuwa wanne.

Hatusemi kwamba tumbaku ndiyo iliyowachukua wale watatu. Miaka ile palikuwa na surua na malaria, na hospitali ilikuwa mbali. Wala yeye hakusema hivyo. Alikifunga kijaluba, akakisukuma chini ya mto, akamtuma mtoto dukani kununua iliki.